Neno Lililomponyoka Larisa

Katika mji wa Dorosh kuna mambo mengi mtu anaweza kuyasema akasamehewa. Unaweza kusema mahubiri ya padri ni marefu. Unaweza hata kusema supu ya jirani haina chumvi, ilimradi useme taratibu na uwe umeshiba. Lakini golikipa wa Nyegere, timu ya mji ya mpira wa magongo wa barafuni, akiwa amesimama golini na nyavu zake hazijaguswa, hakuna mwenye akili timamu anayefungua mdomo kulitaja jambo hilo, maana kulitaja ni kuita nuksi. Unaliona, unanyamaza. Unainua macho kwenye ubao wa mabao, unaiona sifuri ya wageni, kisha unazungumzia hali ya hewa. Watoto wa Dorosh hufundishwa hivyo kabla hawajajua kujifunga wenyewe viatu vya barafu.

Larisa Voytko alifundishwa na baba yake, na baba yake alikuwa golikipa. Kwa hiyo hakuwa na pa kujitetea.

Ilikuwa Jumamosi jioni, kipindi cha tatu na cha mwisho. Larisa alikuwa kwenye kibanda cha mtangazaji juu ya majukwaa, kipaza sauti mbele yake, kipaza sauti kilekile alichoachiwa na marehemu mama yake. Nyegere walikuwa wanaongoza mabao mawili kwa bila, tena dhidi ya Engelby, mji wa upande wa pili wa mto, ambao watu wa Dorosh hawaupendi hata kwenye ramani. Larisa alitakiwa kusoma tangazo moja tu: kwamba tiketi za chakula cha kanisa bado zipo, na bata mzinga watatosha watu wote. Akalisoma. Hapohapo mchezaji wa Engelby akavurumisha kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kuelekea kona ya juu ya goli. Leif Engdahl akaruka kwa urefu wake wote, akakidaka kwa glavu kikiwa hewani, akaanguka nacho. Uwanja mzima ukasimama. Kidole cha Larisa kilikuwa bado kimebana kitufe.

"Leif Engdahl," sauti yake ikajaa chini ya paa la bati. "Na bado hajafungwa hata moja."

Hapo uwanja ukanyamaza, na ukimya ule Larisa hatausahau. Kofia zikageuka moja baada ya nyingine kutazama kibandani. Haukupita muda likaingia bao la kwanza la Engelby, kisha la pili, na king'ora cha mwisho kilipolia, Nyegere walikuwa wamelala mabao matatu kwa mawili.

Kufungwa lilikuwa jambo moja. Jambo la pili, lililomnyima Larisa usingizi hadi alfajiri, ni namna alivyolitamka jina lile. Lilimtoka vile mwanamke anavyolitamka jina la mtu wake mlango ukiwa umefungwa. Wahenga walishasema mapenzi ni kikohozi, na yeye alikwenda kukohoa kwenye kipaza sauti.

*

Asubuhi baba yake alimpitia na pikapu kama Jumapili zote. Metro Voytko, mwenyekiti wa klabu, aliendesha mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, redio imezimwa, macho kwenye barabara iliyoanza kupata theluji.

"Baba."

"Nasikia."

"Hujasema kitu tangu jana."

"Mmoja wetu alishasema vya kutosha."

Larisa akageukia dirishani. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua yamefunikwa weupe hadi macho yanapokoma. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na mbili, alipima malori ya ngano kwenye ghala la nafaka na hakuna dereva aliyethubutu kumbabaisha, lakini ndani ya pikapu hii alijiona mtoto aliyevunja sahani. Kilichomuuma zaidi hakikuwa neno la jana. Ilikuwa ni siri iliyokuwa nyuma yake.

Tangu Agosti alikuwa na Leif. Watu waliamini fundi huyu wa matrekta alihama Engelby kwa ajili ya kazi, na kwa kuwa sheria ya ligi ni kwamba unachezea mji unaolala, akajikuta golini kwa Nyegere. Ni Larisa peke yake aliyejua kwamba kazi ilitafutwa baadaye. Kwanza alitafutwa yeye. Walikuwa wakikutana kwenye barabara za mashambani, magari mawili yakitazamana, na kila mara Leif alipouliza lini ataonana na mzee, Larisa alimjibu, "Subiri timu ishinde kwanza. Baba akishinda huwa mtu mwingine." Timu ikagoma kushinda, ukiacha mara moja ambayo hata baba hakuihesabu.

Jana baada ya mechi Leif alimfuata kwenye maegesho, nywele bado mbichi kwa jasho, alama nyekundu ya kamba ya kofia kidevuni. Hakupandisha sauti.

"Larisa, nimechoka kupendwa vichochoroni. Mgodi wa kaskazini wananitaka, na kesho kutwa nawapa jibu. Kesho asubuhi nakuja pale mgahawani kwa Winnie, kwenye meza ya baba yako."

"Leif, kesho ndiyo watakuwa wanakujadili."

"Ndiyo maana nakuja. Wakinitoa kwenye timu nitavumilia. Lakini wewe ukinitazama kama mteja aliyeingia kununua mkate, basi nitapiga simu niwaambie nakwenda." Akamgusa shavu kwa kidole kimoja, kikiwa baridi. "Sikutishi, mpenzi. Nakuambia tu nilipofika."

Sasa pikapu ilikuwa inaegeshwa mbele ya mgahawa.

*

Meza ndefu ya dirishani kwa Winnie Quon haina kibao, ila kila mtu mjini anajua ni ya nani. Wanaokaa pale hunywa kahawa, huizika timu au kuifufua, na kabla ya kuondoka huzungusha kikombe cha ngozi chenye dadu mbili. Atakayepata namba ndogo ndiye anayelipia meza nzima. Mgeni akiketi pale hupewa kahawa na kulipiwa, kwa heshima zote, lakini kikombe cha dadu humpita. Kuna mkaguzi wa mazao aliyekaa pale Jumapili za miaka sita hadi akastaafu, na hakuwahi kuzigusa dadu zile.

Orest Prokop, muuza soseji, alikuwa ameshaanza kabla hata Metro hajavua koti.

"Mechi sita, ushindi mmoja. Na huo mmoja tuliwapata wenzetu basi limewaharibikia njiani, wakafika watu tisa."

"Ushindi ni ushindi," alisema Bohdan, mkulima, akiwa na pai mdomoni.

"Ushindi gani? Mabeki wetu wanapanda mbele kama wanakwenda harusini. Kurudi ndiyo hawajui njia."

"Njia wanaijua. Pumzi ndiyo hawana. Yule kijana wa kina Sawka tumbo linafika kwenye kisahani kabla yake."

"Na hilo tumbo limetoka wapi?" aliuliza Elsie Marchuk. "Si soseji zako, Orest?"

Bohdan akacheka hadi makombo yakamtoka. Elsie alikuwa posta miaka yote ya kazi yake, na kila Jumamosi hukaa uwanjani ubavuni mwa Metro, blanketi moja magotini mwao wote wawili. Masikio yake yalikuwa yamechoka siku nyingi, na watu walizoea kumwambia mambo nusu nusu.

"Mimi nasema tumeanza vizuri kuliko mwaka jana," Elsie aliendelea.

"Mwaka jana tulianza kwa kupigwa nane!"

"Ndiyo maana yangu. Sasa hivi tunafungwa kwa bao moja. Krismasi tutatoka sare. Pasaka tutakuwa tunashinda."

"Pasaka ligi imeisha, Elsie."

"Basi tutakuwa tumepumzika."

Hata Winnie aliyekuwa anamimina kahawa alitabasamu. Larisa naye angecheka siku nyingine. Leo macho yake yalikuwa mlangoni, yakirudi kwenye kikombe, yakienda tena mlangoni.

"Mwenzao akitolewa nje kwa kosa, tukawa na mtu mmoja zaidi yao, ndiyo aibu kabisa," Orest alisema. "Wanapasiana kama wanagawana pipi. Piga, bwana, piga! Wapi. Lakini hayo yote tuyaweke pembeni." Akaegemea mbele. "Tulikuwa mbili bila. Dakika za mwisho. Mwenyekiti, tuzungumze habari za golikipa."

Metro alikuwa anakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

"Zungumza," alisema.

"Mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Kijana wa Engelby, anadaka visahani vyote kipindi cha kwanza, cha pili, anatutia moyo. Halafu mwishoni, mbele ya ndugu zake, yanapita matatu. Na la mwisho kalifunga nani? Binamu yake. Mimi nauliza tu, hiyo si kurudisha fadhila nyumbani?"

"Orest," alisema Larisa.

"Wewe binti yangu nyamaza kidogo, maana na wewe una kesi yako." Orest hakusema kwa ubaya. Alikuwa amembeba Larisa mabegani kwenye maandamano ya kombe alipokuwa hajaota meno ya mbele. "Miaka yote mama yako alishika kile kipaza sauti. Uliwahi kumsikia akilisema lile neno?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na jana lilivyosemwa," Bohdan akachombeza, "mimi nilimwambia mke wangu, hiyo si sauti ya mtangazaji."

Larisa akahisi moto ukimpanda shingoni. Hakumtazama baba yake, lakini aliona kijiko kimeacha kukoroga.

"Usajili unafungwa kesho," Metro alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa kavu. "Yule golikipa wetu wa zamani amenipigia simu, goti limepona, anataka kurudi. Leo tunaamua. Mimi mwenyewe naona—"

Kengele ya mlangoni ikalia.

*

Leif alisimama kwenye zulia akipangusa theluji kwenye viatu, kwa uangalifu, mguu mmoja halafu mwingine. Kisha akavua kofia. Alikuwa mtu mrefu mwenye mabega ya kubeba injini na macho ya mtu asiyependa ugomvi. Macho yale yalimtafuta Larisa, yakampata, yakamuuliza swali lilelile la kwenye maegesho. Larisa alitaka kuinuka. Miguu ikakataa. Akasikia uoga ukimshika, uoga wa kijinga wa Agosti yote na Septemba yote, akajichukia.

"Habari za asubuhi, Mzee Voytko," Leif alisema. "Kuna kiti?"

"Viti vipo. Suala ni vya nani."

"Basi nitasimama."

Winnie, ambaye hakuwahi kuwauliza watu wa meza ile ruhusa ya kitu chochote, alimwekea kahawa ukingoni, pale wanapowekewa wageni. Metro akamtazama kijana kuanzia kofia hadi viatu.

"Bao la tatu," alisema.

Ilikuwa kama mtihani wa mdomo, na wote walijua. Leif akajibu palepale. "Nilitoka mbele mno. Yule ni mtoto wa baba yangu mdogo, namjua tangu tunacheza bwawani. Huwa hasubiri, anapiga. Jana akasubiri."

"La pili?"

"Lilipita katikati ya miguu. Halina utetezi."

"Mabeki hawakuwepo."

"Mabeki walikuwa wamechoka. Miguu ilikuwa yangu."

Larisa alimjua baba yake. Aliona kitu kikilegea kwenye taya lake, kisha kikakaza tena. "La kwanza?"

Hapo Leif akasita. Akaigeuza kofia mikononi. "La kwanza sikuliona."

"Hukuliona vipi? Lilipigwa kutoka mbali, hata Elsie aliliona."

"Nilikuwa natazama kibanda cha mtangazaji."

Orest akapiga paja. "Si nilisema?"

"Golikipa anatazama kisahani," Metro alisema taratibu, na kila neno lilikuwa na uzito wake. "Uwanja ukiwaka moto anatazama kisahani. Mama yake akimwita anatazama kisahani."

"Najua, mzee. Nimefundishwa hivyo hivyo, na baba yangu, mtu unayemjua. Lakini sijawahi kusikia jina langu likitajwa namna ile. Nikainua macho. Kosa ni langu, si la neno. Mkinitoa, nitoeni kwa hilo. Yeye msimguse."

Ndipo miguu ya Larisa ikakubali. Alisimama kwa nguvu hadi kahawa ikamwagika mezani, akazunguka nyuma ya kiti cha Bohdan, akaenda kusimama bega kwa bega na Leif.

"Baba, nampenda," alisema. "Hakuja hapa kwa ajili ya matrekta. Alikuja kwa ajili yangu, na mimi nikamficha kama kitu cha wizi. Nilikuwa nangoja timu ishinde ndiyo nikuambie. Siwezi kungoja tena."

Jikoni kulisikika mafuta yakichemka.

"Tangu lini?" Metro aliuliza.

"Agosti."

"Na mimi nimejua lini?"

"Jana."

"Jana. Pamoja na mji mzima, katikati ya tangazo la bata mzinga."

"Nisamehe, Baba."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa visahani alivyodaka kabla binti yake hajazaliwa, na sasa vilionekana vya mtu mzee kweli. "Larisa, vijana wamejaa nchi hii. Kuna yule daktari wa mifugo. Kuna mwalimu mpya. Ilibidi awe wa Gunnar Engdahl?"

"Baba yake alikufunga bao moja. Mwaka mmoja kabla sijazaliwa."

"Bao moja! Fainali! Mechi nzima nimesimama peke yangu, mashuti kutoka kila kona, na nilikuwa sijafungwa hata moja, Larisa, hata moja—"

"Hilo neno unalisema vizuri, Metro," alisema Elsie. "Na jana pia ulilisema vizuri."

*

Alisema bila kuinua kichwa, akiwa anafuta kahawa iliyomwagika kwa kitambaa cha karatasi. Metro akamgeukia.

"Neno gani?"

"Hilo la hajafungwa."

"Mimi jana sikusema kitu."

"Ulisema. Kipindi cha pili, kabla kabisa mtoto wako hajalitangaza. Uliinama hapa sikioni kwangu."

"Elsie, wewe husikii."

"Alhamisi nilikwenda mjini Yorkton," Elsie alijibu, akijigusa nyuma ya sikio kwa fahari, "wakanitia betri mpya kwenye kifaa cha kusikilizia. Nilikuwa nimesahau Orest anaongea kiasi gani."

Uso wa Metro Voytko, ambaye hakuwahi kuonekana na aibu hata siku alipoanguka madhabahuni wakati wa harusi yake, ukaanza kuiva kuanzia kwenye kola. Larisa aliyaona masikio ya baba yake yakiwa mekundu.

"Alisemaje, Shangazi Elsie?" aliuliza.

"Elsie," Metro akaonya.

"Alisema hivi." Elsie akakunja kitambaa chake vizuri. "'Mtazame yule mtoto wa Gunnar. Hajafungwa. Anasimama golini vizuri kuliko nilivyosimama mimi.' Halafu akavuta blanketi lote upande wake, akajifanya anakohoa."

Bohdan ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitoka polepole, halafu kikamshinda, na Orest akajikuta anacheka na yeye huku akitikisa kichwa. "Kwa hiyo aliyetuloga ni mwenyekiti mwenyewe! Binti wa watu kasomewa mashtaka tangu asubuhi."

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Bohdan, akifuta machozi.

Metro aliwaacha wacheke. Larisa hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake, mtu aliyempikia uji wa asubuhi tangu mama alipofariki na ambaye hakuwahi kumwambia mtu kwamba amefanya vizuri bila kuongeza "lakini" mbele yake. Jana alimsifu Leif. Alimsifu kwenye sikio aliloamini halisikii, kwa sababu hakujua pengine pa kuiweka sifa ile.

"Nilisema kwa sababu ni kweli," Metro alisema kicheko kilipokwisha. Akamgeukia Orest. "Na wewe sikia. Golikipa anaweza kuwa mjinga. Anaweza kupenda mtu asiyetakiwa kumtazama kazini. Lakini golikipa hauzi mechi. Ukisema tena hilo neno la fadhila, soseji zako nitazinunua Engelby."

"Nilikuwa nauliza tu," Orest alinung'unika.

"Mabeki wakijifunza njia ya kurudi nyumbani, na yule wa Sawka akipunguza tumbo, tuna timu. Mechi sita si msimu. Tulivyofungwa jana si kama tulivyofungwa mwanzo. Kwa dakika karibu zote jana tulikuwa timu bora uwanjani, na mimi sijaona hivyo miaka mingi." Akashusha pumzi. "Yule mwenye goti nitamwambia alipumzishe."

Larisa alihisi bega la Leif likishuka kando ya lake, taratibu, mzigo ukitua.

"Nasikia mgodini wanakutaka," Metro alimwambia.

Leif akashtuka. "Nani kakuambia?"

"Mji huu. Wanangoja jibu lini?"

"Kesho."

"Basi watangoja sana." Mzee akavuta kiti kilichokuwa tupu upande wake, akakisukuma kwa mguu. "Kaa. Unatuzibia mwanga. Na Jumamosi ijayo mwambie baba yako avuke mto. Tiketi yake iko kwangu. Atakaa upande wangu nimwone vizuri."

"Atakuja, mzee. Ila atazungumzia lile bao."

"Najua atazungumzia. Angekuwa mimi ningezungumzia pia. Na wewe," akamwambia Larisa bila kumtazama, "siku nyingine ukiwa na neno la kuniambia, mimi nakaa nyumba ya pili kutoka kanisani. Huhitaji kipaza sauti."

"Sawa, Baba."

Alitaka kumkumbatia palepale, lakini alimjua. Alipita nyuma yake na kumwekea mkono begani kidogo, na mzee akaupigapiga mara mbili kwa vile vidole vyake vilivyopinda. Kisha Larisa akaketi upande wa pili wa Leif.

Saa ya kuondoka ilipofika, Winnie alileta kikombe cha ngozi kama kawaida, akakiweka mbele ya Metro. Metro akatupa, akapata tisa. Elsie saba. Bohdan akapata kumi, akafurahi kama amevuna. Orest akatupa tano, akalaani kwa Kiukraine cha babu zake. Larisa akapata nane. Kikombe kikarudi kwa Metro, na hapo ndipo kila mara mchezo huishia kama kuna mgeni.

Metro alikishika kikombe kile akakitazama. Halafu akakiburuta juu ya meza, akipita madoa ya kahawa na makombo ya pai ya Bohdan, hadi mbele ya Leif Engdahl wa Engelby.

"Tupa," alisema.

Leif alimtazama Larisa kwanza. Alijua maana yake, kwa sababu Larisa alimsimulia habari za yule mkaguzi wa mazao usiku mmoja wa Septemba, wakiwa wamekaa juu ya boneti la gari. Larisa akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Leif akatikisa, akatupa. Dadu zikabingirika, zikagonga bakuli la sukari, zikatulia. Moja na moja.

"Hata dadu zinamfunga!" Orest akaangua kicheko.

"Nitasaidia nusu," Larisa alisema.

"Mwache alipe," alisema Metro. "Ni wa meza hii."

Leif akatoa pochi, akicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, na mkono wake mwingine ukatulia mezani. Larisa hakutazama mlangoni wala dirishani. Aliuweka mkono wake juu ya ule wa Leif, katikati ya vikombe, mahali ambapo kila mtu angeona. Na kila mtu aliona. Orest aliona, akafungua mdomo, akaufunga. Bohdan aliona. Metro aliona, akainua macho juu kama anatafuta ubao wa mabao. Walikuwa watu wa Dorosh. Waliijua sifuri ikiwa bado safi, na walijua mtu mwenye akili hufanya nini.

"Nasikia," alisema Elsie baada ya muda, akichungulia nje, "theluji itaendelea mpaka Jumatano."